Fundi wa Saa Anajibu: Nyekundu na Buluu Haipatikani, Kwa Nini?

SWALI: Shikamoo fundi. Nafanya kazi Dubai na nina Rolex GMT-Master II yenye pete nyeusi ya kauri kuzunguka kioo. Roho yangu iko kwenye ile ya nyekundu na buluu, lakini kwa wakala naambiwa niandikishe jina nisubiri. Pete ya rangi tu, ugumu uko wapi? Kuna fundi hapa anasema ataing'oa yangu anifungie ya rangi hizo. Nikubali?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usikubali, nitakueleza.

Ugumu uko kwenye nyekundu. Zamani pete zilikuwa za alumini, na alumini hupokea rangi yoyote. Kauri ni unga unaofinyangwa, kisha ukachomwa kwenye joto la nyuzi 1,600 hivi, na katika moto huo nyekundu ndiyo iliyowashinda watengenezaji muda mrefu. Rolex walianza kauri mwaka 2005 kwa nyeusi. Nyekundu na buluu ilitoka 2014, tena kwenye dhahabu nyeupe peke yake. Ya chuma ilingoja hadi 2018. Ilibidi waache zirkonia, unga wa kauri wa pete nyingine, watumie alumina, unga wa aina tofauti, wenye oksidi ya kromu. Kromu hiyohiyo ndiyo inayoipa rubi wekundu wake, hata rubi za kwetu Longido.

Halafu pete yenyewe ni kipande kimoja, hakuna kiungo. Hufinyangwa yote kwa ajili ya nyekundu, kisha nusu hunyweshwa maji yenye chumvi za madini, na motoni nusu hiyo ndiyo inayotoka buluu. Rangi kamili huonekana baada ya kuchomwa. Pete ina tarakimu za saa 24, na rangi mbili hukutana kwenye 6 na 18. Buluu ikivuka mpaka huo, hakuna kufuta wala kupaka upya, maana rangi imeingia hadi ndani. Mimi kazi hiyo naiheshimu sana.

Hata hivyo, anayekwambia foleni yote inatokana na tanuru, usimwamini. Rolex hawatangazi wanatengeneza ngapi, na wanaoitaka ni wengi mno.

Sasa huyo fundi wako. Kauri haikwaruziki ovyo, lakini ikibanwa vibaya wakati wa kung'olewa hupasuka, na hapo utakuwa umepoteza pete yako halali. Hizo za bandia ziweke chini ya lenzi: mara nyingi mpaka umechafuka, na tarakimu zimepakwa tu, wakati za asili zimezama ndani ya kauri zikafunikwa tabaka jembamba la platini. Siku ukitaka kuiuza, mnunuzi anayejua ataliona hilo kabla hujamtajia bei.

Kama ni rangi tu unazozitamani, tafuta GMT-Master II ya zamani, toleo namba 16710, yenye pete ya alumini ya nyekundu na buluu, iliyotengenezwa hadi 2007. Nyekundu yake huenda imepauka kuelekea waridi. Mimi naipenda hivyo hivyo. Muuzaji akikwambia amekuwekea pete mpya, mwambie akupe na ile ya zamani.