Herufi moja, siku sita

Mwanangu,

Waalaikumus salaam. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Unasema nyumba unayo, kazi unayo, watoto wazima, na bado ukisujudu ni kama unatia sahihi kwenye daftari la kazini. Ukauliza: "Mama, ulipofika miaka 43, ilikukuta hii?"

Ilinikuta. Baba yako alidhani nimehusudiwa. Nikaandikiwa kombe, aya za Kurani kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa kwa maji, nikanywa asubuhi tatu, nikabaki na ladha ya zafarani tu. Silibezi kombe, ila maradhi yangu hayakuwa hayo.

Mwaka ule, darsani mtaa wa Langoni hapa Lamu, tulisomeshwa habari ya Imamu Ghazali, yule mwanachuoni mkubwa wa Kiislamu: mwaka 1095, ana miaka kama 37, yu mbele ya wanafunzi wake Baghdad, ulimi ukagoma. Akaacha kazi, akenda Sham (Syria), Baitul Muqaddas (Yerusalemu), Makka. Ikapita miaka kama 11 kabla hajarudi kusomesha. Nikajiuliza, mimi nitakwenda wapi? Nina nyinyi watatu na punda wa baba yako. Mwisho wangu Shela, kijiji cha jirani.

Basi nikenda nyumba ya tatu, kwa mwalimu wako wa chuo cha Kurani, nikamwambia nataka kusoma upya. Hakushangaa. Alinikalisha mkekani baina ya vitoto vya miaka minane, nisome Fatiha. Nilipofika neno la mwisho, "waladh-dhaalliin", akanizuia kwenye herufi ya Kiarabu dhadi. "Dhadi gani hiyo? Ubavu wa ulimi uguse magego. Rudia." Vitoto vinacheka. Siku sita, mamangu, herufi moja! Miaka thelathini na kitu nilikuwa nikiipita mbio, kama mtu apitaye mlangoni kwa anayemdai.

Siku ya saba sikuona nuru wala sikulia. Usije ukayangoja hayo. Ila magharibi ile nilipoikaribia dhadi nilipunguza mwendo, na kwa kupunguza nikayasikia niliyoyasema kabla yake: Utuongoze. Kumbe naomba! Mara 17 kwa siku, rakaa za faradhi peke yake, naomba na sina habari.

Ukavu wa moyo hurudi, hata sasa. Mfungo Sita ukija kwa Maulidi, pale msikiti wa Riyadha matari yatalia na wewe utalia, kisha utavuka maji hadi Mokowe, bara, kupanda basi, mkavu vilevile. Mwaka huu kaa wiki moja zaidi. Mwalimu haoni vizuri siku hizi, lakini masikio anayo. Nimemwambia utakuja, akauliza kama bado unameza herufi za mwisho.

Mamako