Aliyezama, pumzi kwanza

Wiki hii nimeweka kando maswali mengine yote, najibu ya kuzama tu. Yamekuja mengi.

Mtoto akizama sisi tunamshika miguu, kichwa chini, tunamtikisa maji yatoke. Kuna wa jirani alipona hivyo. Tunakosea wapi? (Mvuvi, Ukerewe)

Ndugu yangu, huyo wa jirani yaelekea moyo wake ulikuwa bado unapiga. Anayezama hauawi na wingi wa maji, anauawa na kukosa hewa. Pumzi hukatika kwanza. Moyo hujikongoja kidogo na damu isiyo na oksijeni, hupiga polepole, ndipo unasimama. Yale maji mnayoyaona yakimwagika mara nyingi ni ya tumboni, na yakipita kooni yanaweza kuingia mapafuni. Nimewahi kukuta mtoto kaninginizwa ufukweni, wanaume wanne wakipokezana, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amempulizia pumzi.

Mlaze chali mahali pagumu, mwingine akimbilie simu. Kama hapumui, inua kidevu, bana pua, funika mdomo wake kwa wako, puliza mpaka uone kifua kinapanda. Fanya hivyo mara tano. Mtoto mchanga, funika mdomo na pua kwa pamoja. Akiwa bado kimya, bonyeza katikati ya kifua mara 30, puliza 2, endelea hivyo bila kupumzika. Kasi ni mara 100 hadi 120 kwa dakika. Mtu mzima kifua kiingie sentimita 5 hadi 6, mtoto theluthi moja ya unene wa kifua. Povu likitoka mdomoni usihangaike kulifuta, puliza tu.

Tulifundishwa kwamba siku hizi inatosha kubonyeza kifua, hakuna kupuliza. (Mwalimu, Tanga)

Hiyo ni ya mtu mzima aliyeanguka ghafla, tuseme sokoni. Damu yake bado ina oksijeni, inahitaji kusukumwa tu. Oksijeni ya aliyezama imekwisha, kwa hiyo ukibonyeza bila kupuliza unazungusha damu tupu. Ukishindwa kabisa kupuliza, basi bonyeza, ni afadhali kuliko kusimama na kutazama.

Nani hupona zaidi, mtoto au mtu mzima? Nimesikia kuna waliokaa chini ya maji saa nzima wakafufuka.

Umri hautabiri mengi. Kinachoamua ni dakika alizokaa chini, na nani alimpulizia mapema. Akitolewa kabla ya dakika tano, matumaini ni makubwa. Zikipita 25, ni wachache mno wanaorudi na akili zao timamu.

Hadithi ulizosikia ni za kweli, ila ni za barafu. Mwaka 1999 huko Norway, Anna Bågenholm alinaswa chini ya barafu dakika 80, nusu ya muda huo akipumua kwenye mfuko wa hewa. Mwili wake ulishuka hadi nyuzi 13.7, na alipona. Mwaka 2011 huko Denmark, vijana saba waliosimama mioyo baada ya mtumbwi wao kupinduka kwenye maji ya baridi kali waliokolewa wote. Baridi iliufanya ubongo uhitaji oksijeni kidogo sana kabla moyo haujasimama. Ziwa Victoria ni vuguvugu mwaka mzima. Msilitegemee kwa hilo.

Hotelini kwetu kuna mashine ya kushtua moyo. Niitumie? (Mlinzi wa bwawa, Mombasa)

Itumie, ukishamkausha kifua. Lakini usisimamishe kupuliza kuisubiri; moyo wa aliyezama mara nyingi umenyamaza kabisa, na mashine itakwambia usishtue.

Mwanangu wa miaka miwili alitumbukia kwenye pipa asubuhi. Alipoteza fahamu kidogo, akakohoa, sasa anacheza. Nimpeleke hospitali?

Mpeleke leo hii, mama, hata kama anacheka. Mapafu yaliyoingia maji yanaweza kuchafuka saa chache baadaye, ndiyo maana hospitali humweka chini ya uangalizi. Njiani mvue shati umtazame: mbavu zikibonyea kila anapovuta hewa, au pua zikipanuka, mwambie dereva aongeze mwendo.