Klabu ya London: ni ya mabwana tu?

SWALI: Mzee, shikamoo. Binti yangu anapiga piano, na mwalimu wake amemtajia mashindano ya klabu iitwayo Royal Over-Seas League ya London. Nasikia ilizaliwa enzi za himaya. Mtoto wetu akatafute nini huko? Na klabu za Waingereza si ni za mabwana wenye vyeo?
Mama wa Mpiga Piano

JIBU: Marahaba, mama. Kuhusu himaya umesikia sawa, wala sitaipaka rangi. Evelyn Wrench aliianzisha mwaka 1910 ili kuwaunganisha watu waliotawanyika katika makoloni. Wrench huyo, mzaliwa wa Ireland, alianza ujanani na biashara ya postikadi. Ikapanda, ikaanguka, ndipo akaingia kwenye magazeti ya Northcliffe, tajiri wa magazeti wa Uingereza, na humo humo ndimo alimowapatia wanachama wa klabu yake. Vita Vikuu vya Kwanza vilipokuja, klabu ilichangisha fedha za kununulia ndege za kivita. Urafiki wa mataifa, lakini wa upande mmoja!

Kuhusu mabwana, hapo nakukatalia. Tangu mwanzo klabu hii iliwapokea wanawake. White's, klabu nyingine iliyo mtaa huo huo wa St James's jijini London, mpaka leo haiwapokei kuwa wanachama.

Sasa tuje kwa binti. Mashindano ya muziki yalianza mwaka 1952, na nadhani ndiyo yaliyoiokoa klabu isibaki jumba zuri tu la kunywea chai ukitazama Green Park. Yako wazi kwa vijana wa Jumuiya ya Madola, kwa hiyo sisi tumo. Kinachoangaliwa ni umri na uraia. Uanachama hauhitajiki, wewe weka ada ya uanachama mfukoni. Wapiga piano hushindana wenyewe kwa wenyewe kwanza, kisha mshindi wao hukutana fainali na mwimbaji, mpiga fidla, mpiga filimbi. Namna ya kupima koo la mtu dhidi ya vidole vya mwingine ni kazi ya majaji, mimi nisingeiweza.

Ushauri wangu: asome masharti ya mwaka husika, hasa kikomo cha umri. Asikimbilie pia vipande vya kuonyesha kasi, maana kasi wanayo wote. Achague anachokielewa, halafu arekodi kwenye piano iliyopigwa tyuni.