Yangu ni Bunduki ya Kireno Iliyotengenezwa Berlin

Mhariri, wiki hii mmeuliza kitu gani cha zamani msomaji angetamani kukipata hata mara moja maishani. Najua mtaletewa Land Rover za mkoloni, redio za mbao na saa za babu. Mi jibu langu ni bunduki, tena naitaja kwa jina kabisa: Mauser-Vergueiro ya mwaka 1904, ya jeshi la Ureno, ambayo haijakatwa wala kugeuzwa.

Kabla hamjaanza kuniangalia vibaya, nyumbani kwangu hakuna bunduki. Hapa nchini ukikutwa nayo bila kibali cha polisi ni kesi, hata iwe kutu tupu uliyoifukua shambani, na mi sina hamu ya kulala mahabusu kwa ajili ya kutu. Ninachokusanya ni picha na maelezo, nina mafaili ya picha za mihuri, namba, skrubu, bolti (kile chuma unachokivuta na kukisukuma kuingiza risasi) zilizofunguliwa, yaani mke wangu anasema wenzake wana waume wanaoficha picha za wanawake na wa kwake anaficha picha za vyuma. Kazi yangu ni kuchonga vyuma hapa Mbeya, nakaa kwenye mashine kutwa, ndo maana bunduki za zamani za kuvuta bolti zinanishika kuliko hizi za kisasa, kwa sababu ukiiangalia moja unaona kabisa mahali kisu cha mashine kilipopita na mahali fundi alipomalizia kwa tupa.

Nilianza kuzipenda utotoni Iringa. Jirani yetu alikuwa bwana nyama, akirudi kutoka porini huko Ruaha anakaa barazani anasafisha bunduki yake ya Kiingereza, Lee-Enfield, ile wazee wanaiita Mark Three. Sisi watoto tunaruhusiwa kuangalia tu, mikono nyuma. Kwenye kitako kuna bati la shaba nene, kwenye lile bati kuna kimlango kidogo, anakibonyeza kwa kucha ya dole gumba kinafunguka, ndani anatoa kichupa cha mafuta na kamba yenye uzito wa shaba mwishoni, anafunga kitambaa, anaidondosha kamba ndani ya mtutu kutokea nyuma halafu anaivuta kwa mbele. Akimaliza anavuta bolti na kuirudisha, na pale mwisho unasikia springi inakaza, maana ya Mwingereza springi inajibana wakati unasukuma mbele, ya Mjerumani inajibana unapoinua mkono wa bolti. Ule mlango wa kitako ndo ulinimaliza. Nani alikaa akafikiria kuweka stoo ndani ya kitako cha bunduki?

Sasa mtauliza kwa nini Mark Three isiwe ndoto yangu. Ni bunduki nzuri, inabeba risasi 10 wakati ya Mjerumani inabeba 5, Keya, yaani askari wa Afrika Mashariki wa Mwingereza, walipigana nayo, lakini zimetengenezwa kwa mamilioni, Uingereza, India, Australia, ziko kila mahali duniani. Ndoto haiwi kitu ambacho kiko kila mahali.

Wengi wa huku Nyanda za Juu wangesema basi chukua Mauser 71, za Lugalo. Na kweli zinatetemesha. Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe wa Mkwawa walimvizia Zelewski, kamanda wa Wajerumani, pale Lugalo, njia ya Ilula, wakamuua na kikosi chake karibu chote, wakaondoka na bunduki kama 300. Ile Mauser ya 1871 unaweka risasi moja moja, milimita 11, baruti nyeusi, ukipiga unafunikwa na moshi na adui anajua ulipo. Halafu haina kitu cha kulitupa ganda nje! Unavuta bolti, ganda linatoka kwenye chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, halafu linakaa pale linakuangalia mpaka uinamishe bunduki lidondoke lenyewe. Hebu fikiria unafanya hivyo kwenye majani marefu na mtu wa mkuki yuko hatua kumi. Na bado vita vya Mjerumani na Mwingereza vilipoanza 1914, kampuni nyingi za askari wa Kijerumani huku zilikuwa bado zina hizo hizo za moshi.

Lakini hiyo ya Lugalo ikionekana kesho, haipaswi kuingia kwa mtu binafsi, mi nikiwemo. Iende makumbusho ya Kalenga ikakae na fuvu la Mtwa Mkwawa. Hapo sina mjadala na mtu.

Kuna nyingine ambayo karibu nibadili msimamo, Gewehr 98, Mauser za jeshi la Mjerumani, za meli ya Rubens. Mwaka 1915 Wajerumani waliituma ile meli ikiwa imejificha, ikafika Manza kule Tanga, Waingereza wakaifuma wakaipiga, ikazama maji ya kina kifupi, lakini mzigo mwingi ukaokolewa, bunduki zikatoka, risasi zikatoka zimelowa, wakakaa wanazifungua moja moja wanaanika baruti juani wanazifunga upya. Kwa fundi hiyo ni stori tamu sana. Ila ni ya Tanga. Mi nataka iliyopita kwetu.

Na hapa ndo Mreno anaingia. Vergueiro ilitengenezwa Berlin, kiwanda cha DWM, kwa oda ya Ureno. Juu ya chemba kuna taji na herufi ya mfalme Carlos wa Kwanza. Risasi yake milimita 6.5, nyembamba, na bolti yake ni ya peke yake kidogo, mkono wa bolti unapita katikati ya daraja la nyuma, yaani lile tao la chuma juu ya njia ya bolti, lililopasuliwa, siyo kama Mauser za kawaida ambazo mkono unakaa nyuma ya daraja. Wareno wakaja nazo Msumbiji, pamoja na Kropatschek zao za zamani zaidi. Tarehe 25 Novemba 1917 Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Mjerumani huku, akiwa ameishiwa risasi na chakula, anavuka Ruvuma, anawakuta Wareno pale Ngomano, anawapiga, anabeba kila kitu. Yaani Mjerumani akamnyang'anya Mreno bunduki ambayo Mjerumani mwenyewe ndo alimuuzia, na kuanzia hapo askari wake, Wanyamwezi na Wasukuma na wengine, wakatembea nazo Msumbiji kama miezi kumi.

Septemba 1918 wakarudi huku. Wakapita Songea, wakapita Ubena, yaani Njombe ya leo, wakamwacha pale Jenerali Wahle mgonjwa, wakakatiza kuelekea Mbozi, wakaingia Rhodesia ya Kaskazini, ndo Zambia ya leo. Wakaja kuweka silaha chini Abercorn, ndo Mbala ya leo, tarehe 25 Novemba 1918, mwaka mmoja kamili tangu Ngomano. Walikabidhi bunduki 1,071, na orodha inasema ni za Kiingereza na Kireno. Jeshi la Mjerumani, na hakuna bunduki ya Kijerumani kwenye orodha! Isipokuwa kama unahesabu mahali zilipozaliwa, na mi naamini kabisa baadhi ya zile za Kireno zilikuwa Vergueiro, kwa hiyo zilizaliwa Berlin, zikavaa taji la Lisbon, zikabebwa na Mnyamwezi kwenye baridi la Njombe, zikaishia mikononi mwa Mwingereza. Nionyesheni saa ya babu yenye safari hiyo.

Shemeji yangu yuko Marekani, yeye ndo mkusanyaji wa kweli. Kule bunduki iliyotengenezwa mpaka 1898 sheria ya taifa inaihesabu kama kitu cha kale tu, na zilizozidi miaka 50 kuna leseni ya wakusanyaji. Ananitumia voisi usiku wa manane: "Shem, nimeona Vergueiro hapa, bei poa." Namwambia piga picha ya mtutu. Imekatwa. Kila mara imekatwa, kwa sababu miaka ya mwisho ya 1930 Wareno wenyewe walizifupisha nyingi na kuzigeuza zipige risasi ya 7.92, ndo maana ndefu yenye 6.5 yake ya asili ni shida kuipata. Anasema nina masharti kuliko mchumba wa Kinyakyusa. Sawa, lakini fupi haikupita Njombe.

Watu wa Mbala wana stori kwamba silaha za Lettow zilitupwa Ziwa Chila. Nimeshafikiria hilo sana kuliko inavyopaswa. Mbao itakuwa imekwisha, springi imekwisha, lakini chemba ni chuma kinene, na kama ililala kwenye tope zito bila hewa, ule muhuri wa taji unaweza ukasomeka. Mi ningeridhika na hicho kipande tu, kiwe chao, kikae makumbusho yao, wanipe dakika tano na taa.

Ila kinachoniuma ni karibu zaidi ya Mbala. Polisi wakitangaza msamaha wa kusalimisha silaha kwa hiari, yanakuja magobole na vyuma vya ajabu kutoka kwenye dari za nyumba za vijijini, na mwisho zinateketezwa kwa moto zote pamoja. Silaha ziondoke mitaani, sipingi, ila mtu mmoja wa makumbusho akikaa pale meza ya mwisho asome mihuri kabla ya moto, kuna hasara gani? Kwa hiyo wasomaji wa Njombe, Mbozi, Songea, kama kuna kitu marehemu babu alikiacha darini, msikifiche na msikiuze, kipelekeni kituoni wakati wa msamaha, lakini muombe kwanza mpige picha juu ya chemba, pale mtutu unapoanzia. Ikiwa na taji na herufi C, tafadhali mhariri nipeni taarifa hata saa nane usiku.