Jela na mafuriko, kaunti inahusikaje?

SWALI: Mambo mhariri, mimi mkenya naishi Houston, nashangaa kaunti ya Harris ndo inaamua mambo ya jela na ya mafuriko pia, sasa wakichota hela ya mafuriko wapeleke jela si tutazama?

JIBU: Tulia ndugu yetu. Kule nyumbani magereza ni ya serikali kuu, kaunti inabaki na mitaro ya mjini, lakini Texas jela ya kaunti inaendeshwa na sherifu, yaani mkuu wa polisi wa kaunti, na wengi waliomo bado wanangoja kesi, ila bajeti yake inapitishwa na wale watu 5, jaji wa kaunti (jina tu, ndo kiongozi wa kaunti) na makamishna 4, na haohao ndo wanaosimamia idara ya mafuriko. Hela ya mafuriko lakini ina kufuli. Agosti 2018, mwaka mmoja baada ya kimbunga Harvey kuifurisha Houston, wapiga kura walikubali kaunti ikope dola bilioni 2.5 za kupanua mifereji, kuchimba mabwawa na kununua nyumba za mabondeni, haiwezi kulipa askari jela hata senti. Novemba 2024 wakapitisha tena nyongeza ya kodi ya kutunza hiyo mifereji. Jela inagombania mfuko wa kawaida wa matumizi ya kaunti, na huko ndo kelele ziko, maana ilipojaa wafungwa walipelekwa hadi jimbo la Louisiana, kwa gharama ya kaunti. Vikao vya hao 5 viko wazi, nenda ukaseme.