Niliahidi laki na nusu, sasa naikwepa kamati

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwalimu, nipo Morogoro. Mwenzangu wa kazini anaoa baada ya wiki tatu. Aliponiunga kwenye grupu la harusi niliona wenzangu wanaandika laki mbili, laki tatu, nami nikaandika 150,000. Mpaka leo nimetoa 50,000. Mweka hazina anabandika orodha ya wadaiwa kila jioni na jina langu limo. Grupu nimelizimia sauti, na bwana harusi nikimwona ofisini napitia mlango wa nyuma. Kadi nyingine mbili za michango ziko kwenye pochi. Nifanyeje? Na harusini niende?

Marahaba mwanangu.

Hela yako haijachelewa, ila kimya chako kimezidi. Kamati huipanga bajeti kwa ahadi. Ukumbi na mapambo hutanguliziwa fedha mapema, na mpishi hutaka idadi ya sahani siku chache kabla ya shughuli. Ukisema leo kwamba una pungufu, wana nafasi ya kupunguza meza. Ukisema siku ya harusi, chakula chako kimeshapikwa na anayebaki na deni la mpishi ni bwana harusi.

Anza na yeye aliyekupa heshima ya kukualika, kabla ya mweka hazina. Mtafute mkiwa wawili, si mbele ya walimu wengine, na usimwandikie kwenye grupu. Mwambie hivi: "Kaka, niliahidi laki na nusu, nimetoa hamsini. Tarehe 25 naongeza thelathini. Iliyobaki sitaiweza, naomba ahadi yangu isomeke elfu themanini." Basi. Usimwekee orodha ya ada, kodi na mgonjwa wa kijijini. Ukijieleza sana unamlazimisha akufariji, naye ana mambo yake kichwani. Na usiseme "nitaangalia" wala "Mungu akijalia mwezi ukiisha". Hayo kwenye kamati huandikwa kama pesa inayokuja.

Akisema usijali, shukuru na mbadilishe mazungumzo. Akinuna, mwache anune, umeshatimiza upande wako.

Siku hiyohiyo mwandikie mweka hazina, kwake binafsi, kiasi kipya na tarehe. Ukituma kwa simu weka na ya kutolea, la sivyo elfu thelathini yako itafika pungufu kwa wakala na atakayeonekana kapunja ni wewe. Kama laini yako imesajiliwa kwa jina la ndugu, mwambie kabla hujatuma. Michango mingi "inayopotea" hupotelea hapo: muamala umeingia kwa jina ambalo kamati hailijui. Ujumbe wa muamala usiufute mpaka uone jina lako limerekebishwa.

Kuhusu hiyo orodha ya kila jioni, mweka hazina wenu kakosea. Kubandika waliotoa ni kushukuru. Kubandika wasiotoa ni kudhalilisha watu, na wengi huishia kukopa ili jina lifutwe. Lakini usimjibu huko. Na usijitoe kwenye grupu wiki hizi, kwa sababu kila mtu atakutafsiri anavyotaka.

Harusini nenda. Ila soma kiwango cha kamati yenu. Tuseme wameweka 50,000 kwa kadi ya mtu mmoja na 100,000 kwa ya wawili: elfu themanini yako ni kiti kimoja. Usimchukue mchumba kwa matumaini kwamba mlangoni watamwonea haya. Kadi nyingi siku hizi zina msimbo unaoskaniwa, ukishasomwa mara moja umekwisha, na aibu ya kurudishwa getini mkiwa mmeshavaa ni kubwa kuliko hii unayoikimbia sasa. Wakati wa kutunza, ukicheza ukarudi kukaa bila kutoa noti hakuna atakayehesabu.

Zile kadi mbili za kwenye pochi ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi, maana utarudia palepale. Kupewa kadi si kudaiwa. Kwa yule ambaye hamjuani sana, mpongeze ndani ya wiki hii na umwambie safari hii hutaweza kuchangia. Kadi iliyokaa pochini miezi miwili inahesabika kama ahadi. Kwa yule wa karibu, angalia kadi yenyewe: zile za karatasi mara nyingi zina mstari wa ahadi na mstari wa taslimu. Weka ulichonacho sasa, hata kama ni 20,000, ujaze kwenye taslimu, na ule wa ahadi upige mstari.

Usisubiri tarehe 25 ndipo uongee na bwana harusi. Kesho wakati wa chai.