Kabla ya kununua tenki, tazama bati lako

Wiki hii msomaji mmoja wa Chamwino ameniandikia: "Kaka, nimejaliwa vihela kidogo. Nichimbe kisima au ninunue tenki?" Nikamjibu kwa neno moja: gata (ule mfereji wa ukingoni mwa paa unaokinga maji ya mvua). Akadhani namtania.

Sisi wa Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka tunapata kama milimita 550 hadi 600. Wengi wakisikia hivyo hukata tamaa. Mimi nilichukua futi kamba. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja ya maji. Bati langu ni mita za mraba 80. Toa hata robo nzima inayorukia nje, bado zinabaki zaidi ya lita 30,000. Maji yote hayo yalikuwa yakichimba msingi wa nyumba yangu huku nikinunua madumu kwa mwenye mkokoteni!

Nilipoanza kufunga gata na tenki, shemeji yangu alicheka mbele ya wageni: eti nimejenga ghala la maji kabla ya kununua makochi. Makochi kweli sikuwa nayo. Lakini maneno yale yaliniuma, na yananiuma hadi leo. Mwaka jana mgao ulipobana, watoto wake ndio waliokuja na ndoo. Niliwajazia mpaka juu. Yeye mwenyewe hakutokea.

Fundi wa kwanza alizifunga gata bila mwinamo, maji yakawa yanatuama katikati na kumwagikia ukutani. Hela alishakula, simu hapokei. Kwa hiyo kabla hujamlipa wako, panda na ndoo, mwaga upande wa juu, uone kama maji yanafika kwenye tenki. Na mvua ya kwanza ya msimu iache ipite, maana hiyo inaosha vumbi na mavi ya ndege.

Halafu kuna hili la kubana maji masika. Watu wanajaza tenki, wanalifunika kama mahari, wanaendelea kulipia bomba, na mvua inayofuata inamwagika chini. Jamani, yatumieni! Tenki litajaa tena. La kulinda ni lile linalojaa Aprili, mvua zikiisha. Watu watano, kila mmoja dumu moja la lita 20 kwa siku, wanamaliza tenki la lita 5,000 ndani ya siku 50. Yaani Juni haiishi.

Ndiyo maana kwangu maji ya kuoshea mboga na vyombo hayaendi shimoni, yanakwenda kwenye mipapai. Mchicha namwagilia jua likishazama, juu ya matandazo ya mabua ya mtama. Koki ikidondosha tone moja kila sekunde, kwa siku imekunywa karibu dumu zima, na wewe umelala unalalamikia bili. Badilisha washa, kile kipete cha mpira ndani ya koki!

Kuhusu kisima, ndugu yangu wa Chamwino, jirani yangu alichimba akapata maji ya chumvi, sasa anafyatulia matofali. Ulizia kwanza waliochimba karibu nawe maji yao yakoje. Ila hela yako ianzie kwenye gata, na fundi mwite Oktoba. Wingu la kwanza likionekana, hashikiki.